Kamba ya Kwenda Chooni

Nianze na wivu, maana hata nikiuficha mtaunusa. Nawaonea wivu nyinyi mnaoingia leo kwenye darasa la elimu maalumu mkiwa walimu wawili, mama mlezi akiwa wa tatu, na kanuni juu yenu inayosema watoto wakizidi kiasi fulani lazima aongezwe mtu mwingine. Nawaonea wivu mnapokunywa chai ingali ya moto. Katika miaka yangu yote pale kitengoni, chai ya moto shuleni niliinywa siku za mitihani ya taifa tu, watoto wetu walipobakizwa nyumbani wasije wakapiga kelele. Mkinikuta kibarazani kwangu Kanyenye, hapa Tabora, napuliza kikombe, msidhani napumzika. Nafidia.

Vijana wa kitengo ndio walioniomba niandike kazi ilivyokuwa. Nadhani walitaka mambo ya kuwatia moyo. Vyeo na mishahara sitaigusa, kwa kuwa vyeo sikupata na mshahara kila mtu anaujua. Nitaandika habari za milango miwili, kamba moja, na mwalimu mwenzangu aitwaye Leokadia, ambaye kila mtu anamsifu na mimi sina budi kumsifu pia.

Sikusomea elimu maalumu mwanzoni. Nilikuwa mwalimu wa kawaida wa darasa la pili, nikaitwa ofisini nikaambiwa nina uvumilivu, kwa hiyo nihamie kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, kwenye shule ileile. Wakati huo kupelekwa kitengoni kulionekana kama adhabu. Mama yangu mzazi aliposikia aliniuliza nimemkosea nini mwalimu mkuu. Nami nilikuwa najiuliza hivyohivyo tangu ofisini hadi nyumbani.

Darasa lenyewe lilikuwa mwisho kabisa wa shule, ubavuni mwa stoo ya majembe. Lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitazama uwanja wa shule, mwingine ulitazama barabara ya zamani inayotoka Kwihara, ile ambayo wazee husema ndiyo iliyopitwa na misafara ya pembe na watumwa, kwenda na kutoka Ujiji. Kwetu ilikuwa barabara ya baiskeli za mkaa na bajaji, na tatizo letu nayo lilikuwa moja tu. Mtoto akitoka kwa mlango ule, hakuna uzio.

Niliyemkuta pale ni Mwalimu Shija, mtu mrefu, mpole, mwenye taulo dogo begani saa zote. Taulo lile lilifuta ubao, jasho, udenda na pua, sijui kwa utaratibu gani, nami sikuwahi kuuliza. Siku ya kwanza hakunipa muhtasari wa somo wala azimio la kazi. Alinipa kigoda, akaniambia nikae kwenye mlango wa barabarani mpaka mchana. Niliona amenidharau. Nina cheti cha ualimu, halafu nafanywa bawabu. Kufika mchana nilikuwa nimekwisha kuwadaka watoto mpaka mikono inauma, na nilikuwa nimejua yupi hukimbia akifurahi, yupi hukimbia akiogopa, na yupi hukimbia kwa sababu amesikia kengele ya baiskeli. Jioni Mwalimu Shija aliniuliza nimejifunza nini. Nilipomweleza akasema basi kesho nianze kufundisha.

Mengi niliyoyajua yalitoka kwake. Mtoto akianguka kifafa, alinifundisha kumlaza ubavu, kusogeza madawati na kutotia kitu chochote mdomoni, na kazi kubwa ilikuwa kuwafukuza walimu wa madarasa mengine waliokuja mbio na vijiko. Kumenya karanga hutia nguvu vidole kabla ya kushika penseli. Vizibo vya soda hufundisha kuhesabu kuliko mchoro wowote ukutani, ilimradi uvihesabu tena mwisho wa kipindi, maana vingine humezwa. Asali kidogo kwenye ncha ya kijiko hufungua mdomo wa mtoto anayekataa uji. Hayo yote mnaweza kuyasoma chuoni siku hizi, na kwa maneno marefu zaidi.

Ila jambo kubwa alilonifundisha halikuhitaji chuo. Tulikuwa wawili. Mmoja alifundisha, mwingine alipeleka watoto chooni. Mkishaelewa hapo mmeielewa elimu maalumu yote. Watoto wetu wengi hawakuweza kwenda chooni wenyewe, na haja haisubiri kipindi kiishe. Kukiwa na wawili, somo linaendelea. Akibaki mmoja, hakuna somo, kuna safari za chooni zenye vipande vya somo katikati.

Mwalimu Shija akastaafu, nikabaki mmoja. Niliambiwa atakuja mwingine ikama ikiruhusu. Kwa msomaji asiye mwalimu, ikama ni idadi ya watumishi ambayo shule inaruhusiwa kuwa nayo. Ikama yetu ilipigwa kwa kujumlisha wanafunzi wote wa shule, na watoto wangu walihesabiwa kama watoto wengine, yaani kila mmoja anajifunga kamba za viatu na kujipangusa. Kwa hesabu hiyo shule yetu haikuwa na upungufu wowote. Mwalimu Shija alikuwa akipita na baiskeli yake kupeleka mchicha sokoni, anagonga kengele, watoto wangu wanaripuka kuelekea mlangoni, naye ananipungia mkono. Nilimpenda mzee yule, lakini asubuhi nyingine nilimwonea wivu mpaka nikashindwa kuitikia salamu yake.

Nyamizi alikuja katika miaka hiyo. Aliletwa na bibi yake mbele ya baiskeli ya kukodi, amefungwa kanga kiunoni ili asianguke. Bibi alinisalimu Kinyamwezi, mwangaluka, kisha akageukia Kiswahili cha kuchagua maneno. Alisema mjukuu wake hasemi, lakini anasikia kila kitu, na ukimwacha anatembea. Nilimuuliza anatembea kwenda wapi. Akasema, "Mbele tu, mwalimu. Anatembea mbele." Sikulielewa jibu lile vizuri wakati ule.

Sasa Leokadia. Alitoka Puge, binti wa wakulima, akaletwa kwangu kwa mazoezi ya kufundisha, kisha akaajiriwa hapohapo, na kwa muda kitengo kikawa tena na watu wawili. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba na miguu isiyochoka. Nilimpa kigoda, nikamwambia akae mlangoni mpaka mchana, kama nilivyofanyiwa. Akakaa. Mchana nilipomuuliza amejifunza nini, akasema amejifunza kwamba mlango huu unahitaji mtu wa peke yake, na mtu huyo alipwe. Sikulipenda jibu lile. Lilikuwa zuri kuliko langu.

Nitasema wazi lililoniuma zaidi. Nyamizi nilimlisha mimi, nikamfua nguo mimi, nikakaa naye juani na karanga mpaka vidole vyake vikakubali kubana. Hakuwahi kunichekea. Mwezi wa kwanza wa Leokadia, Leokadia akaimba wimbo fulani wa kupura mtama, Nyamizi akacheka mpaka akakaa chini. Darasa zima likamshangaa. Nilifurahi kama mwalimu anavyotakiwa kufurahi, kisha nikaenda stoo kutafuta jembe ambalo sikulihitaji.

Leokadia hakukaa. Alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu, akaaga na machozi, akaniambia, "Dada Zena, nitarudi na kitu." Nilidhani anasema zawadi. Nikabaki mmoja tena, na safari hii nilikuwa mtu mzima mwenye magoti yanayolia.

Siku Nyamizi alipotoka, nilikuwa chooni na mtoto mwingine. Niliporudi, mlango wa barabarani ulikuwa wazi na nafasi yake kwenye mkeka ilikuwa tupu. Kumwacha nani na wengine ili nimfuate? Nilisimama pale mlangoni, watoto ishirini na kitu nyuma yangu, barabara mbele yangu, nikapiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la nne akaja kushika darasa. Wafanyakazi wa reli ndio waliomwona. Alikuwa akitembea katikati ya njia ya treni, taratibu, mbele tu, kama bibi yake alivyosema. Walimkalisha kwenye kivuli cha behewa wakampa maji. Bibi yake nilimweleza mwenyewe. Alinisikiliza, akanishika mkono, na kesho yake akamleta tena shule kwa sababu hapakuwa na pengine pa kumpeleka.

Hapo ndipo nilipotengeneza kamba. Jirani yangu mmoja alifanya kazi kwenye ghala la tumbaku, akanipatia kamba ya katani ya kufungia marobota. Nilipiga vitanzi, kila mtoto kitanzi chake, kila kitanzi nikakizungushia kipande cha kanga au kitenge kisiwachubue. Cha Nyamizi kilikuwa cha kijani, cha kwanza nyuma yangu. Utaratibu ukawa mmoja: mtoto mmoja akibanwa, tunakwenda wote. Natoa kamba msumarini, kila mmoja anashika rangi yake, natangulia nikitembea nusu kinyumenyume, tunazunguka kwa njia ya barabarani kwa sababu vyoo vilikuwa upande ule, tunarudi, tunakaa, na kabla sijashika chaki mwingine anabanwa.

Mtacheka, lakini ile kamba ilikuwa kazi yangu bora. Hakuna mtoto aliyepotea tena. Walimu kutoka shule nyingine walikuja kuiangalia, mmoja akaiga. Nyamizi aliipenda kuliko wote. Ukitaja tu choo, anakwenda mwenyewe msumarini na kunyoosha mkono. Huyu aliyekuwa anatembea mbele tu, sasa alitembea nyuma yangu, mkono umefumba kwenye kitambaa cha kijani, hatua kwa hatua na mimi. Nilijiona nimemshinda Leokadia kwa jambo moja.

Miaka ilipita hivyo. Kisha tukasikia kwamba kanuni zinaandaliwa za kupanga mzigo wa kazi wa walimu wa elimu maalumu, watoto wangapi kwa mwalimu mmoja, na kama kila darasa liwe na mlezi. Ugeni ulikuwa unapita mikoani kukusanya maoni na kuona hali, na kwa Tabora ulikuwa unakuja kwetu. Aliyekuwa akiandika rasimu ya kanuni hizo, na aliyekuwa akiongozana na wageni, alikuwa Leokadia. Mwalimu mkuu alinipa habari hiyo kwa furaha kubwa, kwamba mtoto wetu anarudi. Nikasema alhamdulillahi. Moyoni nikahesabu nani aliyemkalisha kwenye kigoda.

Mnajua sisi tulivyo wageni wakija. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Makochi yakaazimwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, vitambaa vya meza vikatoka nyumbani kwa walimu, na asali nzuri ikatafutwa. Kisha mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mtu mwema na ninalisema hilo kwa dhati, akaazima hata walimu. Asubuhi ya ugeni aliniletea walimu watatu kutoka madarasa mengine wasimame na mimi kitengoni. Nilimwambia wageni wanakuja kuona nilivyo peke yangu. Alinitazama kama niliyemtukana. "Mwalimu Zena," akasema, "unataka wakukute umekaa kama mjane? Watasema shule haikujali."

Hakuona kosa. Na wallahi hata mimi sikuweza kulieleza kosa lilipo, maana sote tumelelewa hivyo. Mgeni hapelekwi kwenye chumba kisichofagiliwa.

Basi wageni wakaingia, wakatukuta wanne. Nikafundisha. Ninawaambia ukweli, ilikuwa asubuhi tamu. Mmoja alikaa mlangoni, mmoja alishughulika na choo, mmoja alikaa na wale wasiotulia, na mimi nikakaa na Nyamizi na shati lenye vifungo vikubwa mpaka akafunga kifungo kimoja, cha pili, na cha tatu. Kwa miaka sikuwahi kupata muda mrefu namna ile na mtoto mmoja. Nilijionea wivu mwenyewe, yule Zena wa asubuhi ile, nikijua saa nne atakuwa ameondoka.

Mgeni mmoja, mwanasheria kutoka Dar es Salaam, mtu wa miwani na shati lililonyooshwa vizuri, alipendezwa sana. Aliwaambia wenzake kwamba huku hali si mbaya, kwamba huenda kile kifungu cha kulazimisha mtu wa pili darasani ni kizito mno na kingeweza kuachwa kwa busara ya kila shule. Nilimsikia. Mwalimu mkuu alitabasamu kwa sababu amesifiwa. Leokadia aliyekuwa nyuma yao, amenenepa kidogo, amevaa viatu vya ofisini, alinitazama.

Alikuwa ananingoja niseme. Alijua shule ile, alijua wale walimu ni wa darasa la tatu na la tano, na alijua ni kifungu chake kinachoanguka pale mbele yetu. Nami niliufunga mdomo. Kwanza, nisingemwaibisha mwalimu mkuu mbele ya wageni aliowapakia mawe chokaa. Pili, sikutaka kuwa mfano wa Leokadia. Yeye aende na rasimu yake na viatu vyake, na mimi nibaki na heshima ya darasa lililojaa watu, hata kwa asubuhi moja.

Leokadia akamgeukia mwalimu mkuu, akasema kwa adabu zote kwamba wageni wana njia ndefu, na ingefaa wanywe chai kwanza. Mwalimu mkuu alifurahi mno, maana alikuwa ameshaogopa kwamba ile asali itabaki. Wakaenda kukaa kwenye baraza ya ofisi, ile inayotazama barabara. Sikuelewa alichokifanya mpaka kengele ilipogonga.

Kengele ya saa nne ilipogonga, madarasa ya wale walimu watatu yalikuwa yameshaanza kunguruma. Darasa la tatu peke yake lilikuwa na watoto wa kujaza ukumbi. Mmoja akaniomba radhi akaondoka, wa pili akamfuata, wa tatu akasimama kidogo kwa haya kisha naye akaenda. Nikabaki mmoja. Na hapohapo mtoto akashika tumbo.

Ningefanya nini? Nilitoa kamba msumarini. Wakashika. Nyamizi mbele kwenye kijani chake, wengine nyuma, nikafungua mlango, tukatoka kwa njia yetu ya kila siku, tukapita mbele ya baraza ambako wageni walikuwa na vikombe mkononi.

Yule mwanasheria alisimama. Alituangalia tukija, mstari mrefu wa watoto na kamba moja kati yao, kwenye barabara ile ya Kwihara. Nilimwona akibadilika uso na sikujua kwa nini. Mimi nilikuwa naona watoto wanaokwenda chooni. Yeye, nadhani, alikuwa anaona ile picha iliyomo kwenye vitabu vya historia vya shule, ambayo hata mimi nimeifundisha, na watoto wa Tabora huikariri bila kuiwaza.

"Mwalimu," akasema, "hawa mbona wamefungwa?"

"Hawajafungwa, mheshimiwa. Wameshika."

"Hapa? Kwenye barabara hii?"

Nilisimama. Niliitazama kamba yangu, na kwa mara ya kwanza nikaiona kama anavyoiona mtu aliyesimama barazani. Niliona aibu, kisha nikakasirika kwa kutiwa aibu. Leokadia akaweka kikombe chini.

"Dada Zena," akasema taratibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiniita nayo zamani, "mwambie kwa nini."

Nikasema, "Mmoja akibanwa, tunakwenda wote. Sina wa kumwachia."

"Na wale walimu tuliowakuta?" akauliza mwanasheria.

Mwalimu mkuu aliangalia ndani ya kikombe chake. Leokadia ndiye aliyejibu. "Wamerudi kwenye madarasa yao. Tuliwakuta kwa sababu tulikuja."

 Yule mtoto wangu hakuweza kungoja zaidi, kwa hiyo tuliendelea na safari yetu, na tuliporudi wageni walikuwa bado wamesimama na chai yao imepoa. Siku hiyo tulilingana.

Kifungu hakikuachwa. Kanuni zilipotoka zilikuwa na mtu wa pili darasani, mlezi, na kikomo cha watoto kwa kila mwalimu, na ikama ya kitengo ikatenganishwa na ya shule. Niliambiwa kwamba huko Dodoma, kila kikao, Leokadia alikuwa anasimulia habari ya kamba, na kwamba watu waliweka kalamu chini kila anapofika kwenye maneno yale, sina wa kumwachia. Yale maneno ni yangu. Yeye alipigiwa makofi kwa maneno niliyoyasema nikiwa na mtoto anayejikunja tumbo. Sisemi aliyaiba. Nasema tu nilikuwepo yalipozaliwa.

Alinipigia simu kunisomea sehemu moja. Ilisema watoto wasiongozwe kwa kufungamanishwa kwenye kamba wala kitu kingine cha namna hiyo. "Umeona, dada? Ni wewe huyo," akasema, na nilisikia kwamba analia kwa furaha. Nikamwambia ni vizuri, Mungu akubariki. Nikakata simu. Siku hiyo sikupika. Mwalimu wa kijijini aliyeiga kamba yangu angeisoma kanuni, angejua ni kosa, na asingejua kwamba aliyeitunga alikuwa na darasa zima nyuma yake na njia ya treni mbele.

Kanuni zilianza kutekelezwa kwetu muhula uliofuata kustaafu kwangu. Ndiyo, uliofuata. Nilifanyiwa sherehe nzuri, nikapewa kitenge na sinia, Leokadia akatuma salamu ndefu zikasomwa na mwalimu mkuu. Kamba niliichukua mwenyewe msumarini nikaitia kwenye mkoba kabla hawajaanza kufagia. Ipo kwangu, naanikia kanga. Vitanzi sikuvifungua, kwa hiyo nguo ndogo hupata pa kuning'inia.

Nilikaa miezi kadhaa bila kukanyaga shule. Kisha Jonasi akaja nyumbani. Jonasi ni mmoja wa walimu wawili walionirithi, kijana wa Ulyankulu, mwenye adabu za kanisani. Alinishika mikono, "Shikamoo mwalimu," akakataa kukaa mpaka nikaitikia marahaba mara ya pili. Alisema wana jambo linawashinda kuhusu Nyamizi. Ana afya, anakula, anafunga vifungo vyote vya shati sasa, ila mkono wake wa kulia una tatizo. Walimuuliza bibi yake, akasema nyumbani hauko hivyo. Wanafikiria kumpeleka hospitali.

Nilikwenda naye. Darasa langu lina mlango mmoja sasa, ule wa barabarani umejengwa tofali. Mwalimu mwenzake Jonasi alikuwa amekaa na watoto wanne tu, anawafundisha rangi, bila haraka. Walinipa kiti, wakaniwekea chai na mihogo ya kuchemsha. Nilikaa pale kama mgeni rasmi, nikiona wivu hadi kwa mkeka mpya.

Mtoto mmoja akashika tumbo. Mikono yangu iliruka yenyewe kwenda msumarini, na msumari haukuwepo. Mama mlezi, mwanamke kijana mwenye kilemba, akamchukua mtoto yule peke yake wakatoka, wakarudi, na hakuna aliyegeuza shingo. Somo la rangi lilikuwa lilelile. Baadaye kidogo akamfuata Nyamizi, akamgusa bega, na wao wakatoka.

"Angalia sasa, mwalimu," akasema Jonasi.

Nilisimama dirishani. Nyamizi alitembea kandokando ya mama mlezi, ameshakuwa msichana mkubwa. Mkono wa kulia aliunyoosha mbele yake, usawa wa kiuno, ngumi imefumbwa kwenye kitu ambacho hakipo. Alitembea polepole, kwa hatua za mtu anayemfuata mwingine anayerudi nusu kinyumenyume. Zilikuwa hatua zangu.

Mama mlezi akasimama. Akauchukua ule mkono, akaufungua kidole kimoja kimoja, akatia wake ndani, wakaendelea. Baada ya hatua chache Nyamizi akauchomoa, akaunyoosha mbele, akaufumba tena. Mama mlezi akasimama tena, akaanza upya na kidole gumba.

"Kila siku hivyo," Jonasi akasema. "Kila safari. Ni ugonjwa gani huu, mwalimu?"

"Si ugonjwa," nikamwambia. "Ni kamba."

"Kamba gani?"

Alikuwa hajawahi kuiona. Kwake darasa lilianza na watu watatu. Nilimwangalia yule mwanamke pale nje, hana haraka, hana watoto wengine nyuma yake wa kuwahesabu, ana asubuhi nzima ya kukifungua kiganja kimoja, na sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yeye. Jonasi alinikumbusha chai. Nilipogeuka kuichukua, ilikuwa imeshapoa.